Jirani wa Kitanda cha Dirishani

Nilipokuwa mtoto nilijua jambo moja ambalo nilikuja kulisahau ukubwani, tena mbele ya ukumbi uliojaa watu: mama yangu hatambulishwi kuwa mama yangu. Nililijua kama nilivyojua kwamba sufuria ya moto haishikwi kwa mkono mtupu. Halafu nikakua, nikasoma, nikaenda Lusaka, nikaenda Ulaya, nikakaa kwenye mikutano ya wanawake wasanii tukila vimkate vilivyokatwa pembe tatu na kuzungumzia umama mpaka jioni, na akili yote ya nyumbani ikanitoka.

Yalikuwa maonyesho yangu ya kwanza Mwanza. Kote nilikozunguka na picha zangu, nyumbani ndiko nilikochelewa kufika. Ukutani nilikuwa nimetundika kina mama wa kila namna, na katikati yao picha kubwa kuliko zote: mwanamke ameinama kwenye majabali ya ziwani anasugua sufuria, mgongoni amefunga mbeleko, na kwenye mbeleko kimechomoza kichwa cha mtoto. Mgeni rasmi alikuwepo. Mwalimu aliyenifundisha darasa la tatu alikuwepo, amezeeka lakini bado ananitazama kama mtu aliyesahau daftari. Binti yangu Neema alikuwa ametoka Dar, simu mkononi, anarekodi. Na mama alikaa mstari wa mbele, kitenge cha Jumapili, mkoba mapajani, soda imefunguliwa haijanywewa.

Nikashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," nikasema, sauti ikitetemeka kwa utamu wa maneno yangu mwenyewe, "mwanamke aliye kwenye picha hii yupo hapa hapa. Ni mama yangu mzazi. Na huyo mgongoni ni mimi, mwanawe. Mama, simama watu wakuone."

Mama hakusimama. Aligeuka nyuma akatafuta kama kuna mwingine anayeitwa, kisha akanirudia.

"Nani, mimi?" Mama hajawahi kuhitaji kipaza sauti. "Mimi huyu simjui. Nimepitiwa na gari, nikaambiwa kuna soda."

Ukumbi ukalipuka. Nikacheka nao, kile kicheko cha mtu aliyeteleza kwenye tope na kudai alikuwa anakaa. "Mama yangu anapenda utani," nikasema.

"Sitanii," akanisahihisha. "Tena huyo mtoto wa kwenye picha ni mbaya. Na mbeleko umeifunga vibaya, ataanguka."

Mgeni rasmi alicheka hadi akafuta machozi kwa tai yake. Neema alikuwa ameegemea nguzo, mabega yanamtetemeka, simu haijashuka hata kidogo.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana ni kidogo na ndiyo maana kinaudhi. Mimi nimepita miaka hamsini. Mama amepita themanini, na mwaka jana alilazwa kwa kifua tukadhani ndiyo safari. Tangu nizaliwe hajawahi kuniita mwanangu. Neno moja. Nilidhani mbele ya picha nzuri, mgeni rasmi na mwalimu wangu, neno lile lingemponyoka. Nimechora kina mama nusu ya umri wangu, na nikiulizwa na wenye miwani minene ninatafuta nini, huwa natoa maelezo marefu. Ukweli mfupi ni huo.

Sasa nieleze mama alivyofika hapo, msije mkamwona hana moyo.

Kabla yangu mama alizaa watoto watatu, na wote watatu walizikwa kabla hawajaota meno. Tulikuwa tunaishi Igogo, upande wa mlimani, nyumba imebanwa katikati ya majabali kama kitu kilichodondoshwa. Baba alikuwa fundi baiskeli Mabatini. Kazi yake kubwa katika habari hii ni kukaa kimya. Aliyeongea ni mama yake, Bibi Kabula. Mimi nilipozaliwa, Bibi Kabula alisema huyu hapokelewi. Huyu anatupwa.

Siku hizo jambo hilo halikuwa geni. Mtoto anayezaliwa baada ya vifo vingi huwekwa jalalani, juu ya ungo uliotoboka, kama kitu kisicho na mwenyewe. Kisha anapita mwanamke mwingine, mwenye watoto wengi na wazima, anamwokota: "Jamani, nimeokota kitu, ni cha nani?" Mama mzazi anajibu: "Si changu." Basi mwokotaji anaondoka na mtoto, na jua likishaegemea mama anakwenda kumnunua kama anavyonunua mboga. Kifo kikija kutafuta mtoto wa mama huyo hakimkuti. Kinakuta takataka za jirani, na, kama alivyosema Bibi Kabula, "Kifo hakiokoti takataka."

Mimi niliokotwa na Mama Vero, mwanika dagaa wa pale chini ufukweni, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka Ukerewe na watoto waliojaa uani kama vifaranga, wote hai, wote wana makamasi. Mama alininunua kwa kibaba cha uwele na kuku mwenye jicho moja. Kuku mzima alikuwepo, lakini Bibi Kabula alikataa. Bei ikiwa kubwa, alisema, Kifo kitajiuliza kuna nini. Ubatizoni niliitwa Leokadia. Nyumbani niliitwa Jalala. Na bei yangu ndiyo hiyo mpaka leo, sijasikia kwamba imepanda.

Wanawake wengine waliofanya hivyo walilegeza masharti mtoto alipotembea, au alipoota meno ya pili. Mama yangu hakulegeza. Mtaa mzima ulikuwa na Mama Vero, Mama Rozi, Mama Masanja, ila yeye aliitwa Milembe, jina lake la usichana, kwa sababu hakutaka jina langu lifuatane na lake njiani. Mgeni akija akisema, "Binti yako amekua," mama alijibu, "Nani, hilo? Lipo tu." Nikiwa wa kwanza darasani alisema wenzangu lazima waliugua. Halafu, na hapa ndipo roho ilipokuwa inaniuma, walizaliwa wadogo zangu wawili wa kiume, wanene, wazembe, na hao waliitwa mwanangu asubuhi, mwanangu jioni, mwanangu njoo ule. Hatari ilikuwa imeshapita, alisema Bibi Kabula. Ilipita kwao. Kwangu ilikuwa bado imekaa sebuleni.

Mama Vero ndiye aliyeniita mwanangu, tena kwa sauti ya ufukweni. Nilimpenda. Lakini mtoto hadanganyiki kirahisi. Mama Vero alilitumia neno hilo kwa watoto wote, kwa mbuzi wake, na mara moja nilimsikia akimwita hivyo karani wa soko.

Nikiwa darasa la tatu, mtoto mmoja wa jirani aliniambia tukiwa tunacheza, "Wewe huna mama, wewe uliokotwa." Kila mtu alijua niliokotwa. Ila siku hiyo, sijui kwa nini, iliniingia. Sikumpiga. Nilikwenda jikoni nikachukua mkaa, nikachota majivu nikayakoroga na maji kwenye kopo, nikapanda nyuma ya nyumba kwenye lile jabali kubwa linalotazama ziwa. Nikachora. Hiyo ndiyo picha yangu ya kwanza, na nasema bila majivuno kwamba ilikuwa bora kuliko nyingi zilizofuata. Nilimchora mama amesimama, kiuno kimejaa, na mgongoni mwake mtoto mwenye mabutu matatu ya nywele kama yangu. Chini nikaandika kwa herufi za mwalimu: MAMA NA LEOKADIA.

Watoto walikusanyika. Wakaja na watu wazima, maana Igogo ya wakati ule ilikuwa haina cha kutazama zaidi ya ziwa, na ziwa walishaliona. "Jamani, Milembe mwenyewe huyu!" wakasema. "Tazama shingo." Nilisimama pembeni nimechafuka mkaa hadi masikioni, najisikia mtu mkubwa.

Mama alikuwa anapanda kutoka ziwani na ndoo ya nguo kichwani. Watu walimpisha. Alitazama jabali. Hakunipiga, hakunifokea; ingekuwa heri. Alitua ndoo, akatoa nguo moja moja akaziweka kwenye majani, kisha maji yaliyobaki ndooni akayamwaga yote juu ya picha. Akachota mchanga. Akaanza kusugua, nami nikiwa nimesimama pale, akaanza na jina langu, akaja kwenye mabutu, akaja kwenye mgongo. Alisugua mpaka jiwe likawa safi kuliko lilivyoumbwa.

"Nani kakutuma uniweke mimi na wewe mahali pamoja?" akaniuliza. Alikuwa anahema. "Nani kakutuma, Jalala?"

Bibi Kabula alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni. "Umemtangaza mtoto kwenye jiwe," akasema, ingawa aliyetangaza ni mimi. "Kifo nacho hupita njia hii hii kama watu wengine. Mwezi huu hautaisha hatujasikia."

Mwezi haukuisha. Kabla wiki haijaisha niliamka siwezi kusimama, mwili unawaka, meno yanagongana. Hapo ndipo nilipoamini kwamba nimejiua kwa mkaa na majivu.

Baba alinipakia kwenye baiskeli ya mteja, nikiwa nimefungwa kiunoni kwa kanga nisidondoke, mama akikimbia nyuma. Hospitali nilipewa kitanda cha dirishani. Nesi wa wodi ile alikuwa mwanamke mpana, kofia nyeupe imesimama wima, anatembea kama anayesukuma toroli. Alinichoma sindano, kisha akageuka.

"Mama wa mtoto ni nani? Humu analala mama tu."

Baba akatazama viatu vyake. Mimi nikamtazama mama. Homa ilikuwa inanizungusha, lakini nilisubiri jibu lile kwa macho mawili. Nilijiambia hapa hawezi, hapa ni hospitali, hapa kuna nesi, wataandika.

"Mimi jirani," mama akasema.

"Na mama yake yuko wapi?"

"Yuko Igogo, anaanika dagaa."

"Basi jirani utoke. Aje mama."

Na akatoka. Nilimwona mgongo ukipita mlangoni, ule ule niliouchora. Nilijigeuza kwenye ukuta nikalia, machozi ya moto kwa sababu kila kitu changu kilikuwa cha moto. Nimepata matatizo mengine maishani. Nimeachwa na mume uwanja wa ndege, nimepotelewa na mizigo katika nchi ambayo sijui hata namna ya kuomba maji. Hakuna lililonishika pale aliponishika mama siku ile.

Mama Vero alikuja. Alikuja kama mvua ya mawe. "Mwanangu! Mwanangu jamani! Mwanangu Jalala!" Wodi nzima ikaamka, harufu ya dagaa ikatangulia hadi dirishani. Alinifuta uso, akanibusu, akala chakula changu, akalala kwenye kiti mdomo wazi. Alikuwa mwema, Mungu amlaze pema. Mimi nilitazama mlango.

Asubuhi yake mlango ulifunguliwa akaingia mama, ameshika ndoo ya bati na tambara la deki.

Nilikuja kujua baadaye kwamba alimwomba mfagizi wa pale ampe kazi yake siku hizo, bure. Mfagizi gani angekataa? Kwa hiyo mama aliingia wodini mchana kweupe, mbele ya nesi, mbele ya Kifo chenyewe kama kilikuwepo, na hakuna aliyeweza kumwuliza ni nani wa nani. Mtu mwenye tambara la deki haulizwi.

Akapiga magoti akaanza. Akafika kwenye kitanda changu, akawa hapo. Akapiga deki kulia, akapiga kushoto, akaingia chini ya kitanda, akatokea upande wa pili, akarudi. Na muda wote anasema, si kwangu, kwa sakafu: "Lione. Limelala kama gunia la michembe ya viazi. Nani atalitaka hili? Hata mimi ningepewa bure ningelirudisha." Kisha akasema, "Nyanyua miguu nipige deki."

Nilikuwa kitandani. Miguu yangu ilikuwa juu ya godoro, ndani ya shuka, mbali kabisa na sakafu yake. Lakini nikainyanyua, kwa sababu mama akisema unafanya. Akaingiza mkono wake uliolowa ndani ya shuka, akanishika nyayo kama anayezisogeza, na mkono ukakaa pale. Ulikuwa wa baridi, una harufu ya dawa ya sakafu. Ulikaa hadi ukapata moto wangu. Halafu akautoa, akauchovya kwenye ndoo, akaendelea na deki.

Baada ya muda, tena: "Nyanyua miguu nipige deki."

Mchana nesi alisimama katikati ya wodi, mikono kiunoni. "Huyu jirani," akasema, "mbona anapiga deki chini ya kitanda kimoja tu? Wodi nzima hii haioni?"

Mama Vero akafungua jicho moja. "Ana uchungu na sakafu ya hapo, sista."

Nesi alimtazama mama, akanitazama mimi. Tuna shingo moja, mimi na mama. Watu wa Igogo waliiona hata kwenye mkaa. Nilidhani atamtoa. Badala yake alichukua bakuli la uji kwenye meza, akaliweka pembeni ya kitanda changu.

"Haya jirani," akasema. "Ukimaliza sakafu, nisaidie kumlisha huyo mtoto wa watu. Mama yake naona amelala."

Mama Vero akafumba jicho lake haraka, akakoroma kwa nguvu.

Mama akakausha mikono kwenye kanga. Akaketi ukingoni mwa kitanda, kama mtu aliyetumwa. "Meza, takataka," akasema, akanilisha kijiko kwa kijiko, na kila kijiko akakipuliza kwanza.

Nilipona. Baba alisema ni sindano. Bibi Kabula alisema ni yeye, kwa sababu alikuwa amemwagia jabali pombe ya mtama. Mama Vero alisema ni maombi yake, ambayo sote tuliyasikia yakikoroma. Mama alimrudishia mfagizi ndoo yake. Na mimi, kwa ujinga wa mtoto, sikutoka hospitali na ndoo wala uji wala ule mkono. Nilitoka na neno moja tu, jirani, na nimezunguka nalo dunia.

Ndiyo maana nilipomzaa Neema niliapa. Nilimwita mwanangu kabla kitovu hakijakatwa. Nimemwita mwanangu barabarani, shuleni, kwenye simu, kwenye harusi za watu. Leo ana kazi yake na nywele za rangi, na nikimpigia nikaanza tu, "Mwanangu...," anajibu, "Mama, niko kikaoni, inatosha." Mama yangu akinisikia hutikisa kichwa. "Unamtangaza mtoto kama sabuni," huniambia. Huyu hasemi kabisa, yule hataki tena kusikia, na mimi niko katikati na brashi yangu, nachora umama. Niambieni mtu asichoke.

Basi, baada ya aibu ya ukumbini tulirudi Igogo kwa mama, ndiko nilikofikia. Njia nzima sikusema naye. Neema alikuwa ameketi kiti cha mbele anarudia rudia ile rekodi, "nikaambiwa kuna soda," anacheka peke yake. Nililala na hasira. Niliamka natetemeka, mwili unawaka, meno yanagongana kama ya darasa la tatu.

Neema akanipeleka kupima. Malaria. Ya kawaida kabisa, ya mbu, nchi hii imejaa mbu na dirisha la mama lina wavu uliotoboka. Lakini nani atamweleza nani? Niliporudi na vidonge vyangu, mama alikuwa amesimama mlangoni pale pale palipokuwa na kigoda cha Bibi Kabula.

"Umeona?" akasema.

"Mama, ni mbu."

"Mbu aliyekusikia kwenye kipaza sauti."

"Mama, dirisha lako..."

"Dirisha hili miaka yote lipo, na wewe ulilala humu wiki nzima ukiwa mzima. Umesimama mbele ya watu, umesema, 'Mimi mwanawe, mimi mwanawe.' Na picha ukubwa wa mlango. Haya. Kalale."

Nililala. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote ya kisomi, lakini baridi ilikuwa imenikamata taya. Nilivuta blanketi nikatazama ukuta. Nikasikia Neema nje anauliza, "Bibi, sasa huyu kweli si mwanao?" na mama anajibu, "Niliuziwa na jirani. Kuku mwenyewe alikuwa chongo."

Sijui nilisinzia kiasi gani. Niliposhtuka nilisikia sauti ya maji yakikamuliwa. Mlango ulikuwa wazi, na mama yangu, mwanamke wa miaka themanini na ushee ambaye magoti yake hayajakubaliana naye tangu mwaka juzi, alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, ndoo pembeni, tambara mkononi. Sakafu Neema alikuwa ameshaipiga deki asubuhi. Ilikuwa inang'aa.

"Mama, acha. Magoti."

"Lione," akaiambia sakafu. "Limezeeka, bado linaugua ugua. Nani atalitaka hili?"

Kwenye kiti kulikuwa na daftari langu la kuchorea na penseli. Nikavichukua, nikaanza kumchora: mgongo ulioinama, shingo, mkono kwenye tambara. Mistari yote ilikwenda upogo kwa ajili ya homa. Sikuchora mtoto. Sikuchora mbeleko. Nilichora kitanda upande mmoja na mwanamke upande wa pili, na nafasi katikati yao ambayo mtu asiyejua angeona ni tupu.

"Unachora nini?"

"Ndoo."

"Lete." Akajikokota, akalishika daftari mbali na uso kama wanavyofanya wazee, akalitazama. Nilijiandaa. Nilidhani atakwenda kutafuta mchanga.

"Ndoo haikuwa ya plastiki," akasema. "Ilikuwa ya bati. Na ilikuwa na mshikio wa waya."

Ndoo iliyokuwa mbele yetu, chumbani mle, ilikuwa ya plastiki, ya bluu, nimeichora kama ilivyo. Yeye alikuwa anatazama ndoo nyingine. Alikuwa kwenye wodi ile, kitanda cha dirishani, miaka yote ile.

"Kwa hiyo unakumbuka," nikasema.

"Nimesema ndoo."

Akanirudishia daftari, akarudi sakafuni. Alilowesha tambara, akakamua. Ningeweza kuishia hapo. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Nilikuwa nimeshaelewa, tena kwa kuchelewa kwa aibu, mtu niliyelipiwa nauli za ndege niwaeleze wageni umama ni kitu gani: kwamba mimi nimekuwa nikichora kina mama waliokumbatia, kwa sababu ndicho kinachoonekana, na huyu wangu alifanya kazi ngumu kuliko hiyo, kujikana mbele ya mtoto wake mgonjwa, akinisikia nalia, akashika tambara akarudi kwa mlango wa wafagizi. Aliwazika watatu waliokumbatiwa. Wa nne hakuthubutu. Kama ni ujinga, ni ujinga ambao hakuupumzisha hata siku moja kwa zaidi ya miaka hamsini, na mimi nilimwekea kipaza sauti.

Niliyaelewa yote hayo. Na bado nilitaka neno langu. Ndivyo tulivyo, watoto.

"Mama," nikasema, na taya bado linagonga, "Kifo kimeshanisahau. Mimi ni mtu mzima, nina mvi, nina mtoto mwenye nywele za zambarau. Na wewe ukiondoka kabla hujaniita, mimi nitalipata wapi hilo neno? Mara moja tu. Hapa ndani, hakuna mtu."

Hakugeuka. Alifuta kipande kile kile cha sakafu, polepole.

"Umekufa?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi nyanyua miguu nipige deki."